Kitenzi "run" na maana zake 645

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza "run" maana yake nini, atakujibu kabla hujamaliza swali: kukimbia. Na yuko sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa wote: neno la Kiingereza upande wa kushoto wa daftari, maana yake upande wa kulia, twende mstari unaofuata. Kazi huanza siku anapofungua gazeti la Kiingereza akakuta kwamba pua ya mtoto nayo inakimbia, kiwanda kinakimbia, mkataba unakimbia miaka mitano, barabara inakimbia kutoka Chalinze hadi Segera, rangi ya nguo inakimbia ndani ya beseni, na mwanasiasa anakimbia ili awe rais. Kila mtu na kila kitu mbioni, na daftari halina msaada.

Mimi riziki yangu naipata kwa kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na hiki ni kitenzi ninachokutana nacho karibu kila siku ya kazi. Nakipenda sana. Kimenilazimisha kukijua Kiswahili changu kuliko kitabu chochote cha sarufi nilichowahi kushika.

Ukubwa wake unajulikana kwa sababu kuna watu walioketi wakauhesabu. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kama wazo la chama cha wanaisimu mjini London mwaka 1857. Mwaka 1879 kazi ikakabidhiwa kwa James Murray, Mskoti aliyejenga kibanda cha mabati na kukijaza rafu za vijisanduku. Wasomaji wa kujitolea walikuwa wakisoma vitabu, kila wanapokutana na neno limetumika kwa namna inayovutia wanalinakili kwenye kikaratasi pamoja na sentensi yake, wanatuma kwa posta. Vikaratasi vilifika kwa mamilioni. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka 1884, ya mwisho 1928, na Murray alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1915. Kwa miaka mingi bingwa wa kamusi hiyo alikuwa kitenzi "set": katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, kilikuwa na maana zaidi ya 400. Toleo jipya lilipofika herufi ya R, mhariri Peter Gilliver alikaa na "run" kwa zaidi ya miezi tisa, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba kitenzi hicho peke yake, bila kugusa nomino yake, kina maana 645.

Miezi tisa kwa neno moja! Nikiifikiria kazi hiyo namheshimu sana yule mtu. Unashika sentensi mbili zinazofanana kama pacha, unajiuliza: hapa meli inakwenda na upepo na pale meli inapanda mwamba, je, ni maana moja au mbili? Ukisema mbili, inabidi uonyeshe ya pili ilizaliwa lini na ikatoka wapi. Kisha unashika kikaratasi kinachofuata.

Ila idadi hiyo isikutishe. Maana zote hizo zinatoka kwenye chemchemi chache, na hapo ndipo hadithi inaponivutia zaidi.

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vilikuwapo vitenzi viwili. Kimoja kilikuwa "rinnan", ambacho watu walikitamka pia "irnan" kwa kugeuza sauti. Hiki kilimaanisha kukimbia, lakini pia kutiririka, na hata kuganda, kwa maana ya majimaji kukimbiliana yakashikana. Kingine kilikuwa "ærnan", nacho kilimaanisha kufanya kitu kikimbie, kwa mfano kumtimua farasi mbio ukiwa mgongoni mwake. Ukiviangalia utaona ni ndugu wa damu: ni tofauti ileile iliyopo kati ya kukimbia na kukimbiza. Wajerumani wanayo hadi leo, wana "rinnen" kwa maji yanayochuruzika na "rennen" kwa mtu anayekwenda mbio. Waingereza viambishi vyao vya mwisho vilipukutika kadiri karne zilivyopita, na vitenzi vile viwili vikaungana kuwa kimoja. Mtoto aliyezaliwa na ndoa hiyo akarithi mali ya pande zote mbili: anakimbia, anatiririka, na anakimbiza.

Shika hilo na sehemu kubwa ya zile 645 zitajipanga zenyewe. Pua, bomba, mto, wino, machozi, rangi ya kitambaa, hayo ni maji, ni urithi wa upande mmoja. Kuendesha duka, kuendesha shule, kuendesha mashine, huo ni urithi wa yule aliyemtimua farasi: mtu yuko juu, kitu kinakwenda kwa sababu yeye anataka kiende. Hata dawa ya kugandishia maziwa ya jibini, "rennet", ni mjukuu wa ile maana ya kuganda.

Halafu zikaja mashine. Njia ya reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa 1825, ya Liverpool na Manchester 1830, na Uingereza ikajaa vyombo vinavyokwenda bila miguu na bila farasi. Vilihitaji kitenzi. Kutembea hakukufaa, kuruka hakukufaa, na hiki kilikuwa tayari kinabeba mwendo wa maji na mwendo wa kuamrishwa, kikafaa kabisa. Gari moshi linakimbia, kwanza kwa maana ya mwendo wake, kisha kwa maana ya ratiba yake, kwamba lipo na linafanya safari kila siku. Injini inakimbia hata kama imesimama mahali pamoja. Baadaye kompyuta ikaingia nyumba hiyohiyo iliyokwisha kujengwa, na programu nazo zikaanza kukimbia.

Kukimbia kwetu kukafuata njia nyingine kabisa.

Hebu sikiliza tunavyokitumia. Mkimbizi ni mtu aliyeacha kwao kwa kuogopa. Kimbilio ni mahali pa kujisitiri. Mtu akisema "fulani amemkimbia mkewe", hakuna anayefikiria viatu vya michezo, ametelekeza nyumba. Aliyekimbia umande ni yule ambaye hakusoma, umande wa asubuhi njiani kwenda shule ulimshinda. Ndani ya kukimbia kwa Kiswahili kuna kitu unachokipa kisogo: vita, deni, wajibu, baridi ya alfajiri. Ndani ya "run" mna maji. Ndiyo maana ukitafsiri moja kwa lingine bila kufikiri, sentensi inaingiwa na hofu ambayo mwandishi hakuiweka. Nimewahi kupewa kupitia mwongozo wa chombo cha umeme uliokuwa umetafsiriwa tayari, ukimwambia mteja asiache mashine "ikikimbia" usiku. Msomaji yeyote wa Kiswahili atauliza: ikikimbia nini?

Sisi tulichukua kitenzi cha polepole zaidi, kuenda, tukakitia -sha, tukapata kuendesha. Gari linaendeshwa, kampuni inaendeshwa, mjadala unaendeshwa, kesi inaendeshwa na mwendesha mashtaka, watu wanaendesha maisha. Saa ukutani inakwenda, na ikiharibika haiendi. Na kuna ule uungwana wa zamani wa kusema mgonjwa "anaendesha" pale ambapo hutaki kutaja kuharisha mbele ya wageni, na ajabu ni kwamba Waingereza nao ugonjwa huohuo wanauita "the runs". Lugha mbili zisizo na udugu zikakutana msalani. Tofauti ni kwamba sisi ile alama ya kuamrisha, -sha, bado tunaiona kwa macho. Mtoto wa miaka minne Mswahili anajua kwamba kuenda na kuendesha si kitu kimoja, kwa sababu kimeandikwa mwishoni mwa neno. Mwingereza inabidi aangalie sentensi nzima ndipo ajue kama duka linakimbia au linakimbizwa.

Mahali ninapopenda kwenda kuutazama ufundi wa jambo hili ni katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Siizungumzii kwa habari za imani. Nazungumzia kazi ya mikono. Ukiiweka kando ya Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611, ukafuata kila mahali ambapo Waingereza wameweka "run", unajifunza mengi kwa saa moja.

Isaya 40:31, Kiingereza kinasema watakimbia wasichoke. Kiswahili: "watapiga mbio, wala hawatachoka." Hawakusema watakimbia, na walifanya vyema, maana hawa hawatoroki kitu, wana nguvu mpya na wanakwenda mbele. Zaburi ya 23, kikombe cha Kiingereza kinakimbia hadi kinapita ukingo, chetu "kinafurika". Katika Kiebrania cha zaburi ile hakuna mbio hata chembe, kuna kushiba tu, kikombe kilichojaa tele. Waingereza ndio waliotia mwendo. Amosi 5:24, ambapo Kiingereza kile cha 1611 kimeiacha hukumu ikimbie kama maji, Kiebrania kinaifanya ibingirike, na Kiswahili kimesema "itelemke". Kutelemka kuna mlima ndani yake. Ukilisoma neno hilo unaona maji yanavyotoka juu, na huulizi yatapata wapi kasi.

Matendo 27:41, jahazi la Paulo. Mabaharia wa Kiingereza wanakimbiza merikebu nchi kavu. Watafsiri wetu wakaandika "wakaipweleza merikebu". Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa mtu mzima nilikaa kimya kidogo. Maji ya bahari hujaa na kupwa. Chombo kilichoachwa na maji juu ya mchanga au mwamba kimepwelewa. Na anayekipeleka huko kwa makusudi anakipweleza. Neno hili ni la watu wa pwani, na kuna wataalamu wanaosema pwani yenyewe imetoka hukohuko kwenye kupwa. Mistari hiyohiyo ina omo na tezi, mbele na nyuma ya chombo, kama watu wa mitepe na majahazi walivyoita. Mtu aliyeandika vile, au waliomsaidia, alikuwa amekaa na mabaharia akawasikiliza.

Lakini taji nampa Habakuki 2:2. Nabii anaambiwa aiandike njozi waziwazi kwenye vibao, ili, kwa Kiingereza, anayeisoma apate kukimbia. Hapa Kiebrania kina kitenzi kilekile cha Isaya, cha mbio za miguu, kwa hiyo hakukuwa na ubaya wa kuandika apige mbio. Msomaji wa Kiswahili angebaki anashangaa: mtu asome halafu akimbie, aende wapi? Wakaandika: "ili aisomaye apate kusoma kama maji." Ndivyo tunavyosema hadi leo juu ya mtoto aliyeiva darasani, anasoma kama maji, au juu ya mtu anayeongea Kifaransa kama maji. Miguu ikaondolewa, mkondo ukaingia, na maana ikafika nzima. Kile ambacho Waingereza wa kale walikuwa nacho ndani ya kitenzi chao, yale maji, Kiswahili kilikuwa nacho ndani ya msemo wake tayari, kikisubiri mtu wa kukichota.

Ukitoka kanisani ukaingia kwenye siasa, mambo yananoga kwa namna nyingine. Mwanasiasa wa Marekani anakimbia kutafuta kiti. Mwanasiasa wa Uingereza, kwa lugha hiyohiyo, anasimama. Wetu anagombea, na kugombea kumetokana na kugomba, ugomvi huohuo unaoujua. Magazeti yakiona hiyo haitoshi yanaandika kinyang'anyiro. Sisi hatukujidanganya kuhusu tabia ya uchaguzi. Ila kinachonisumbua ninapotafsiri habari hizi ni kwamba "she is running" kwa Kiingereza inatosha, wakati msomaji wa Tanzania ana swali la ziada: yuko hatua gani? Ametangaza nia? Amechukua fomu? Amerudisha? Chama kimeshamteua? Kila hatua ina neno lake na watu wake, hadi wanaoitwa watia nia. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimefunika safari ya miezi, na mimi nikikosa kujua tarehe ya habari ile siwezi kuandika sentensi ya maneno matatu. Hapo napiga simu kwa mhariri.

Napiga simu. Tuliseme na hilo, maana mtu atakuja kunikumbusha kwamba na sisi tunalo jitu letu. Ndiyo, tunapiga simu, pasi, picha, deki, mswaki, hodi, kura, mbizi, soga, chuku, magoti, mnada, marufuku na moyo konde, na miaka hii tumeongeza upigaji, ule wa fedha za umma, ambao hauhitaji maelezo. Lakini piga na "run" hawafanani kazi. Piga amejitoa mhanga, maana yake karibu yote ameikabidhi kwa nomino inayomfuata. Ukisikia "piga" peke yake hujui kitu hadi usikie pasi au hodi. "Run" haikabidhi kwa anayefuata, inamtazama aliyetangulia. Ni nani anayekimbia? Ikiwa ni pua, ni ugonjwa. Ikiwa ni gazeti, linachapisha habari. Ikiwa ni sukari, imekwisha. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa tafsiri nawaambia: kwa piga, sikiliza mbele, kwa "run", rudi nyuma umwangalie mwenye sentensi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye beseni la kufulia. Khanga mpya kabla ya kuvaliwa huloweshwa kwenye maji ya chumvi, na anayejua kazi hii haichanganyi na shuka nyeupe. Maji yakibadilika kuwa mekundu, Kiingereza kina neno moja: rangi inakimbia. Mama beseni mbele yake atakwambia khanga "inatoa rangi", hiyo ni hali ya sasa, bado ina rangi ya kutoa. Baada ya mwaka wa jua na sabuni atasema "imechuja", rangi imekwenda zake na hairudi. Na kutoka hapo beseni limetupa neno la mjini: mwanamuziki aliyekuwa juu jana na leo hasikiki, tunasema amechuja. Hebu jaribu kumhamisha mwanamuziki huyo kwenda Kiingereza kupitia "run". Hafiki.

Kwa hiyo nasikia uchungu, na sioni haya kulisema, ninaposikia vijana wenye akili timamu wanasema "tumerani out ya mafuta", "anarani biashara yake", "wiki hii tunarani semina". Mimi siyachukii maneno ya kuazima. Meli, shule, benki, gari, sahani, meza, vyote tumeviazima na ni vyetu. Neno la kuazima linakuja na kitu chake, au linaziba pengo. Hili haliji na kitu, wala hakuna pengo. Linaingia mahali palipo na mafuta yameisha, anaendesha biashara, tunafanya semina, linawatoa wenye nyumba wote linabaki peke yake. Kwa wenzetu wa programu za kompyuta, wanaosema "code", yaani maagizo ya programu, "inarani", nitalegeza kidogo, kwa sababu kila kazi ina haki ya msamiati wa watu wake. Ingawa wanaosema "endesha programu" hawajapungukiwa na chochote, na mtu wa kawaida anawaelewa bila kuuliza.

Jambo la mwisho wanalolisahau hata watafsiri wazoefu: kuna "run" nyingi ambazo hazitaki kitenzi kabisa. Tunahangaika kutafuta neno lenye mwendo, wakati Kiswahili hakioni mwendo wowote pale. Ugonjwa wa sukari unaokimbia ndani ya familia ni wa ukoo, basi. Mtoto anayekimbiza joto ana homa. Mkataba unaokimbia kuanzia Januari kwa miaka mitano ni mkataba wa miaka mitano kuanzia Januari. Juzi nilirudishiwa kazi na mteja akilalamika kwamba kwenye kifungu cha upangaji nimeruka kitenzi. Nikamwomba aisome kwa sauti, "Mkataba huu ni wa miaka mitano," kisha aniambie kinachokosekana. Akaisoma mara mbili, akatia saini.